Sheria iliyochakaa, iachwe tu?

SWALI: Kuna sheria hazijatumika miaka mingi. Kwa nini Bunge lihangaike kuzifuta? Si zitajifia zenyewe?

JIBU: Hazijifii. Katika nchi zilizorithi mfumo wa Uingereza, sheria haipotezi nguvu kwa kutotumika. Mtu anaweza kushtakiwa nayo kesho. Kwa hiyo ni lazima ifutwe kwa muswada. Ukiuandaa, kabla ya kuiingiza sheria hiyo kwenye jedwali, yaani orodha ya sheria zinazofutwa, pekua kila sheria nyingine inayoitaja, pamoja na kanuni zilizotungwa chini yake. Hapa ndipo wengi huteleza: sheria mama ikifutwa, kanuni huanguka nayo, na leseni zilizotolewa kwa kanuni hizo hubaki zikielea. Kwa hiyo andika masharti ya mpito, yaani vifungu vinavyosema nini kinaendelea baada ya sheria kufutwa, tena kwa kutaja kanuni zinazobaki. Kesi zilizokwisha kufunguliwa kwa kawaida huendelea. Na kufuta sheria iliyofuta nyingine hakuifufui ile ya zamani, isipokuwa muswada useme kwamba inafufuka.