Rangi zinafanana mpaka unachanganyikiwa: majibu ya maswali yenu

Maswali mengi safari hii ni ya jambo moja, mtu ana rangi mbili karibu sawa, anapaka kisanamu, alafu hajui ipi ni ipi au imekuaje zimetofautiana. Nachukua haya sita.

Nina chupa tatu lebo zimetoka: nyeusi, kahawia iliyokolea na bluu iliyokolea. Nazijuaje?

Usiziangalie kwenye chupa, humo zote ni giza tu. Weka tone la kila moja kwenye karatasi nyeupe alafu livute kwa brashi yenye maji mpaka liwe jepesi kama chai ya rangi, pale kwenye kingo bluu inajitaja yenyewe, kahawia inavuta kwenye wekundu au unjano, nyeusi inabaki jivu. Unaweza pia kuchanganya na nyeupe kidogo, ila ujue nyeusi nyingi zikipata nyeupe zinatoa kijivu chenye ubluubluu, isikutishe. Ukimaliza paka tone juu ya kila kifuniko, lebo hutahitaji tena.

Nilichanganya damu ya mzee ikawa sawasawa kabisa na ya kwanza, nimepaka koti, imekauka ikakolea zaidi. Kwa nini?

Hili nalijua vizuri, niliwahi kurudia makoti ya kikosi kizima kwa sababu hiyohiyo. Gundi ya akriliki ikiwa mbichi ina weupe kama maziwa, ikikauka weupe unaondoka na rangi inakolea, kwa hiyo we ulikuwa unalinganisha mbichi na kavu, hazitalingana hata ufanyeje. Paka mchanganyiko kwenye kipande cha plastiki au karatasi, kausha kwa draya ya nywele, kiweke bega kwa bega na lile koti la zamani, ndo uamue. Na hicho kipande kiwe na praima (rangi ya msingi inayopakwa kwanza kabisa) ileile ya kisanamu maana nyekundu juu ya praima nyeusi na nyekundu juu ya nyeupe ni kama rangi mbili tofauti, hasa ikiwa nyepesi. Vanishi nayo inaingilia, ya kung'aa inakoleza, ya mati, yaani isiyong'aa, inapausha, kwa hiyo usilinganishe kilichopigwa vanishi na kisichopigwa. Alafu hesabu matone, matone 3 ya nyekundu kwa 1 la kahawia, andika mahali, na changanya nyingi kuliko unayodhani itatosha, kuipata tena rangi ileile kwa kukumbuka tu ni kazi ngumu sana.

Nachanganya bluu na nyekundu napata tope badala ya zambarau.

Mara nyingi mkosaji ni nyekundu. Nyekundu inayoelekea chungwa imebeba njano ndani yake, ukiitia bluu tayari una rangi zote tatu na hapo kahawia lazima itoke. Chupa nyingine zimeandikwa namba ya pigmenti, yaani ule unga unaoipa rangi yake, tafuta PR122 ambayo inaelekea pinki, ichanganye na PB29, hiyo ni ultramarini, inavuta kwenye zambarau yenyewe. Hata PB15:3, bluu ya ftalo inayoelekea kijani, ukiipa PR122 inakutolea zambarau safi tu.

Kijivu kimoja, chupa moja, kwenye kisanamu cha pili kinaonekana bluu. Rangi imeharibika?

Haijaharibika, angalia majirani zake. Mkemia Mfaransa Chevreul alikuwa anasimamia rangi za nyuzi kwenye kiwanda cha Gobelins cha Paris, kinachofuma mazulia ya ukutani, akaletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zinaonekana hafifu, akachunguza akakuta weusi hauna shida, shida ni rangi zilizowekwa pembeni yake, na mwaka 1839 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Kijivu ukikiweka pembeni ya joho la chungwa jicho linakivuta kwenye bluu. Toboa tundu dogo kwenye karatasi, chungulia kijivu peke yake bila joho, utaona ni kilekile. Kama bado kinakusumbua kitie chungwa kidogo sana, ncha ya brashi inatosha.

Taa gani nitumie?

Moja isiyobadilika, ya kelvini 5000 hivi (hicho ni kipimo cha rangi ya mwanga), CRI 90 kwenda juu (CRI ni kipimo cha taa inavyoonyesha rangi kama zilivyo). Rangi mbili zenye pigmenti tofauti zinaweza kulingana chini ya taa na kuachana ukizipeleka dirishani, so kagua sehemu zote mbili kabla hujapaka.

Macho yangu hayatofautishi nyekundu na kijani vizuri, niache?

Usiache kabisa! Kwenye kitu kidogo hivi, kinachobeba umbo zaidi ni mwanga na giza. Piga picha kisanamu chako uigeuze iwe nyeusi na nyeupe, kama koti na mkanda vimekuwa kijivu kimoja basi ongeza mwanga kwenye kimoja, na hilo utaliona sawa na mtu mwingine yeyote. Kwenye kuchanganya tegemea majina uliyoandika kwenye chupa na idadi ya matone.