Modeli ya nyambizi ya 1941: anza na bomba la maji

Ndugu yangu wa Jinja, nimekuelewa: unataka kuunda nyambizi ya Kijerumani ya aina ya VIIC jinsi ilivyokuwa 1941, kisha uizamishe ziwani kwa rimoti. Inawezekana kabisa.

Shikilia mwaka wako. Wengi hunakili picha za nyambizi U-995, iliyo makumbusho huko Laboe, Ujerumani. Kwa umbo la tumbo itakufaa sana, lakini mnara wake ni wa mwishoni mwa vita, wenye majukwaa ya mizinga ya kutungulia ndege. Yako iwe na mnara mdogo, na mzinga wa milimita 88 mbele yake.

Kwa kipimo cha 1:72, mita 67 za chombo halisi zinakuwa sentimita 93 hivi. Mwili wa ndani ulikuwa na kipenyo cha mita 4.7, yaani milimita 65 kwako, na bomba la plastiki la milimita 63 wanalotumia mafundi wa maji linakaribia mno. Litumie sehemu ya kati tu. Ncha mbili na matangi ya ubavuni chonga kwa mbao laini, upana wote ufike milimita 86.

Rimoti ya gigahezi 2.4 hukatika chombo kikizama. Tafuta ya megahezi 40. Betri za lithiamu zikiingia maji zinaweza kuwaka, kwa hiyo mpe fundi wa elektroniki akuunganishie.

Jaribu kwanza kwenye bwawa la kuogelea. Ziwa Viktoria lina kichocho kandokando, hivyo ikikwama usiingie kuifuata. Ifunge uzi wa kuvulia tangu mwanzo.