Bordeaux hadi San Sebastián kwa treni

Hakuna ya moja kwa moja, ndugu, lazima ubadilishe Hendaye, mpakani mwa Ufaransa na Hispania. Kutoka Bordeaux hadi hapo ni mwendo wa kama saa mbili na nusu. Ukishuka, pembeni tu mwa stesheni kubwa kuna kituo kidogo cha Euskotren, kampuni ya reli ya Nchi ya Basque. Treni yao wenyeji huiita Topo, yaani fuko, kwa jinsi inavyopenda mahandaki. Dakika arobaini hivi umefika. Kinachozuia treni ya moja kwa moja ni upana wa reli: Ufaransa milimita 1,435, Hispania reli za zamani 1,668, na hiyo Topo 1,000. Pasipoti uwe nayo mkononi, hasa wakati wa kurudi. Ni Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa kawaida mipakani kati yao, sawa, lakini polisi wa Ufaransa hukagua pale. Mimi nilifungua begi zima pale kituoni kuitafuta.