Re: Siku ya utamaduni shuleni, chakula kiliisha na majirani wakalalamika

Mwalimu, pole. Watu 300, foleni moja, kila mtu anajipakulia: hapo chakula lazima kiishe kabla ya wa nyuma kufika.

Mkiandaa tena, kwa pilau, kilo moja ya mchele hulisha watu tisa au kumi kukiwa na vyakula vingine. Nunua kilo 30 na nyama kilo 15. Usipike zote kwenye sufuria moja, maana chini huungua na juu hubaki kiini. Gawa sufuria tatu za kilo kumi kumi, na maji yakikaribia kukauka punguza moto chini, palia makaa juu ya kifuniko. Kachumbari ikatwe dakika za mwisho, la sivyo huchuja maji.

Weka meza tatu za kupakua, kila moja na mtu wake na upawa mmoja wa kipimo. Watoto na wazee watangulie. Chakula kinachotoka majumbani kifike kikiwa moto, na kilichokaa wazi zaidi ya saa mbili kimwagwe, hata kama mama fulani atanuna.

Kuhusu kelele walizolalamikia majirani, ombeni kibali cha kaunti mapema, na spika zielekee uwanjani badala ya kwenye ploti za jirani. Waalikeni majirani hao hao. Anayekula pilau yenu hapigi simu polisi.

Epukeni Aprili na Novemba, mvua. Na muwe na mhudumu wa huduma ya kwanza aliyefuzu. Mtoto akikabwa na mfupa hakuna muda wa kutafuta gari.