Kabla Hujapaka Rangi Nyumba ya Wazazi

SWALI: Shikamoo mama. Wazazi wetu wametutoka, na nyumba tumeachiwa watoto wanne. Ni ya mawe, aliijenga babu, na kuta zake ni nene, karibu nusu mita. Sebuleni, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, rangi inabanduka na lipu inapukutika unga. Tumeshapaka upya zaidi ya mara moja, na kila tukipaka haimalizi mwaka. Fundi anasema tubandue yote, tupige lipu nzito ya saruji, kisha rangi isiyopitisha maji. Kaka yetu mkubwa amekubali na fedha ipo. Mimi moyo unasita. Halafu anataka kung'oa milango ya mbao aweke ya chuma, kwa kuwa miwili inakwama. Mlango wa chumba cha mama nitautetea vipi? – Kitinda Mimba

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Mwombe kaka yako asimamishe kazi ya saruji, hata kama fundi ameshaleta mifuko. Ukuta huo hauna shida ya lipu. Una shida ya maji, na saruji itayafungia ndani.

Chukua msumari, nenda mahali lipu ilipodondoka, ukwangue kilichounganisha mawe. Ikitoka unga laini, mweupe au wa rangi ya krimu, ni chokaa. Msumari ukiteleza juu ya kitu kigumu cha kijivu, ujue saruji imeshapita hapo. Saruji tunayoitumia leo ilipewa hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, Uingereza mwaka 1824, ikiwa mali ya mwashi Joseph Aspdin, na ilichukua muda mrefu kuenea. Waashi wa kabla ya hapo walijenga kwa chokaa na udongo, na kuta zao hazikukusudiwa kuzuia maji. Zinanyonya unyevu kidogo, kisha zinautoa kupitia viungo na lipu. Kinachoingia kisipozidi kinachotoka, nyumba inadumu vizazi na vizazi. Ukishaziba njia ya kutokea, maji hayaachi kuingia. Yanapanda kutafuta pengine pa kutokea, na unyevu uliokuwa kiunoni unaukuta begani. Yanapanda na chumvi ya ardhini. Maji yakikauka, chumvi inaganda kuwa fuwele chini ya rangi, na fuwele hizo ndizo zinazoisukuma lipu hadi ikawa unga. Rangi mliyokuwa mkipaka haikuwa mbaya. Haikuwa na ukuta mkavu wa kushika.

Sasa zunguka nje, upande wa pili wa ukuta huohuo. Nina hakika kubwa kwamba ardhi ya nje imepanda. Nyumba ikikaa miaka mingi, watu hurundika udongo, humwaga kokoto, hujenga kibaraza cha zege kilichogusana na ukuta, mpaka ardhi ya nje inakuwa juu kuliko sakafu ya ndani. Chimbeni mpaka ishuke sentimita 15 hadi 20 chini ya usawa wa sakafu, na mteremko uelekee mbali na nyumba. Kisha subirini mvua, msimame nje mtazame maji ya paa yanaangukia wapi. Gata lililotoboka au bomba linalomwaga mguuni mwa ukuta linaweza kuwa ndilo chanzo chote. Naomba usiione kazi hii kuwa ndogo kwa sababu haihitaji vifaa vya gharama. Ndiyo inayoponya nyumba, zinazofuata zinaipendezesha.

Kama huna uhakika unyevu unatoka ardhini au ni hewa nzito ya chumbani, bandika kipande cha karatasi ya alumini ukutani, ukizibe kingo zote kwa utepe wa gundi, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ndani, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, chumba hakipitishi hewa, na dawa yake ni dirisha. Na doa likiwa juu, karibu na dari, usihangaike na ardhi. Panda darini ukague paa na mabomba.

Mkishaondoa chanzo, bandueni lipu iliyooza mpaka nusu mita juu ya mwisho wa doa, mpanguse chumvi kwa brashi kavu, muizoe mkaitupe nje. Msiioshe kwa maji, itayeyuka irudi ndani. Kisha acheni ukuta ukauke. Hapa ndipo familia nyingi huchoka. Wanaotengeneza majengo ya kale hukadiria mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, kwa hiyo ukuta wenu unaweza kuchukua zaidi ya mwaka kukauka kabisa. Si lazima mhame. Fungueni madirisha, sogezeni makabati mbali na ukuta, endeleeni na vyumba vingine.

Lipu ya kurudishia iwe ya chokaa: kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga safi wenye chembe kubwa na ndogo, usio na chumvi. Mchanga wa baharini hapana. Lowesheni ukuta kabla ya kupiga, kila mkono usizidi sentimita moja hivi, na kila mmoja ushike kwanza kabla ya kuongeza mwingine. Chokaa haigandi kwa kukauka tu. Inavuta hewa ya kaboni dioksidi taratibu mpaka inarudi kuwa jiwe. Ikikaushwa haraka na jua au upepo inapasuka na kuwa dhaifu, kwa hiyo ifunikeni kwa magunia mabichi siku za mwanzo. Fundi avae miwani na glavu, kwa sababu chokaa inaunguza macho na ngozi. Na kama mnaizima wenyewe, yaani mnaichanganya chokaa iliyochomwa na maji, chokaa ndiyo inayotiwa kwenye maji kidogo kidogo. Maji yakimiminwa juu ya chokaa, yanaweza kuchemka na kuruka usoni.

Juu yake pakeni chokaa ya maji, nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano. Ikiwa mbichi inaonekana kama hamjapaka kitu, na fundi atashawishika kuiongezea uzito. Mkatazeni. Ikikauka inang'aa yenyewe. Ikipakwa nzito inabanduka magamba. Mkitaka rangi, tieni zile za unga za udongo au oksaidi ya chuma: manjano, wekundu wa tofali, kahawia. Jaribuni kwanza kwenye kona na muache ikauke, kwa kuwa itafifia sana kuliko ilivyo ndooni.

Nakuja kwenye mlango wa mama. Mlango unaokwama mara nyingi umevimba kwa unyevu uleule unaokula ukuta, au bawaba zimelegea, au fremu imekaa upande kwa sababu ukuta umetitia. Weka timazi kwenye fremu. Ikiwa imesimama wima, kaza bawaba kwa skrubu ndefu zaidi, usubiri nyumba ikauke kabla ya kupiga randa. Ukiupiga randa ukiwa umevimba, kiangazi utaacha mwanya. Ikiwa imelala upande, tafuta ufa karibu nayo, uweke alama ya penseli mwishoni mwa ufa na uandike tarehe. Ufa usiosogea msimu mzima wa mvua na wa kiangazi unazibwa. Unaosogea, au unaopita unene wa milimita tano, mwite mhandisi kabla hamjatumia fedha zaidi.

Kaka yako mwambie hivi: mbao za zamani mara nyingi zilitoka kwenye miti iliyokua polepole, nyuzi zake zimebanana, na ubora huo ni shida kuupata leo. Akishang'oa, hawezi kuurudisha. Lakini rangi yake msiiguse kwa msasa mkavu wala kwa moto. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi. Marekani iliipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na nchi nyingi zilichelewa kuliko hapo. Vumbi lake linaharibu ubongo wa mtoto. Sugueni kwa msasa wa maji, watoto na wajawazito wasiwepo, na uchafu ukusanywe ukiwa bado mbichi. Kwanza kwangua kidirisha kidogo kama cha sarafu pembeni, tabaka moja baada ya jingine. Utaona rangi zote ambazo mlango huo umewahi kuvaa, na pengine ile aliyoichagua mama yako mwenyewe ndiyo mtakayokubaliana wote wanne.

SWALI: Mama, paa letu la zamani ni la mabamba ya kijivu yenye mawimbi, mazito, si bati. Tunataka kutoboa tuweke kioo cha kupitisha mwanga. Tutumie msumeno gani? – Baba Mapacha

JIBU: Hakuna msumeno nitakaokutajia, baba. Mabamba ya namna hiyo kwenye nyumba za zamani mara nyingi ni ya asbestosi, na nyuzi zake zikivutwa pumzini huleta saratani miaka mingi baadaye. Yakiwa mazima na hayajaguswa, hatari yake ni ndogo. Usiyakate, usiyatoboe, usiyasugue kwa brashi ya chuma wala kuyapiga maji ya presha. Ita watu wenye kibali cha kuondoa asbestosi wachukue sampuli, na mwanga utafutie dirishani.

SWALI: Tumemaliza ukarabati, nyumba inapendeza, lakini vitu vya marehemu babu vimejaa kila chumba: meza, saa ya ukutani, viti sita, picha. Mke wangu anataka vitoke vyote. Mimi nashindwa. – Mjukuu

JIBU: Mjukuu, mnaishi ninyi humo, na mke wako ana haki ya kuwa na nyumba yake. Toeni vyote nje ya chumba kimoja, kiwe kitupu kwa wiki moja, halafu rudisheni kimoja kimoja vile mlivyovikosa kwa kweli. Ninavyoona mimi, vitarudi vichache kuliko unavyohofia, na vitaonekana vizuri kuliko vilipokuwa vimebanana. Viti viwili vinavyotumika kila siku vinamtunza babu kuliko sita visivyokaliwa.

Meza isipelekwe kwa fundi wa vanishi kabla ya kuijaribu. Lowesha pamba kwa spiriti, gusa sehemu isiyoonekana chini ya meza. Ikinata na kulainika, ni shelaki, aina ya vanishi ya zamani, na inaweza kufufuliwa kwa mkono mwepesi wa shelaki mpya bila kukwangua chochote. Picha zisikae kwenye ukuta unaopigwa jua. Zipigeni nakala, mtundike nakala, halisi zihifadhiwe gizani, mahali pakavu, kwenye karatasi isiyo na tindikali. Na kabla chochote hakijatoka getini, wapigie simu ndugu wote. Kiti usichokitaka wewe huenda shangazi yako amekuwa akikingoja.