J.S., na ile I chini yake

Ndugu uliyeuliza kuhusu picha ndogo ya sura yenye saini "J.S.", mwaka 1790, na herufi I chini yake: kwa maelezo hayo huyo ni John Smart, mchoraji Mwingereza aliyefariki London mwaka 1811. I ni ya India. Aliishi Madras, mji unaoitwa Chennai siku hizi, kuanzia 1785 hadi 1795, akiwachora maofisa wa Kiingereza pamoja na Nawabu (yaani mtawala) wa Arcot, Muhammad Ali, na jamaa zake. Kazi za kipindi hicho ndizo alizozitia I.

Lakini angalia imechorwa juu ya nini. Zile alizomkabidhi mteja ni rangi ya maji juu ya kipande chembamba cha pembe ya ndovu. Kama yako ni karatasi, penseli na rangi kidogo tu, basi ni mchoro wa matayarisho. Michoro hiyo alibaki nayo mwenyewe, na mingi ilikaa kwa wazao wake vizazi kadhaa. Mimi naipenda zaidi, maana hapo mkono wake haujajibana.

Mwaka 1755, akiwa bado mtoto, alishika nafasi ya pili katika shindano la uchoraji London, nyuma ya Richard Cosway. Cosway ndiye aliyepata jina kubwa kwa matajiri, akiwarembesha. Smart hakuwa na huruma hiyo: mikunjo ya macho, kidevu cha pili, vyote vimo.

Saini peke yake isikutoshe, imeigwa sana.