Mzee Akibaki Kazini, Nani Anaumia?

Msomaji ameuliza: kampuni yao imewaongezea mikataba watu waliofikia umri wa kustaafu, je, vijana wana chao tena? Inategemea unaizungumzia nchi nzima au ofisi moja.

Kwa nchi nzima, hofu hiyo haina mashiko. Ajira si mkate ambao mzee akimega, kijana analala njaa. Mzee mwenye mshahara ananunua na kulipa kodi, na fedha hizo zinazaa kazi kwingine. Ufaransa iliteremsha umri wa kustaafu kutoka miaka 65 hadi 60 mwaka 1982, ikitumaini pia kuwafungulia vijana milango. Ukosefu wa ajira kwa vijana haukuisha. Utafiti wa nchi 12 ulioongozwa na wanauchumi Jonathan Gruber na David Wise, uliotoka 2010, haukukuta ushahidi kwamba wazee wakibaki kazini vijana hukosa kazi.

Ndani ya ofisi moja, maumivu ni ya kweli, na anayewaambia vijana kwamba wanalalamika bure anawakosea. Italia ilipopandisha umri wa kustaafu ghafla mwishoni mwa 2011, kampuni zilizobaki na wazee wengi ziliajiri vijana wachache zaidi. Ikama, yaani idadi ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, ilishapangwa, bajeti ya mishahara ilishafungwa, na aliyetarajiwa kuaga hakuondoka. Chukua mkuu wa kitengo aliyeongezewa miaka mitatu. Naibu wake hapandi, afisa aliye chini ya naibu hapandi, na nafasi ya anayeanza haitangazwi. Mkataba mmoja, watu watatu wamekwama.

Kwa hiyo, wenzangu wa utumishi, tenganisheni mtu na cheo. Kampuni nyingi za Japani humvua meneja madaraka akifikia umri fulani, lakini anabaki kama mtaalamu. Mkataba uwe wa mwaka mmoja. Siku zake zishuke kutoka tano hadi tatu kwa wiki: kampuni inaokoa asilimia 40 ya mshahara wake, na kama alikuwa akilipwa mara mbili na nusu ya anayeanza, hiyo inamlipa kijana mmoja kamili. Msiiache fedha hiyo ipotelee kwenye matumizi mengine. Iandikeni kwenye ikama siku ileile mkataba unaposainiwa.

Makabidhiano ndiyo huharibika zaidi. Mzee anaambiwa wiki ya mwisho aandike anachokijua, anaacha kurasa nne zisizomsaidia mtu. Anzeni miezi sita kabla: miwili kijana anatazama, miwili wanafanya pamoja, miwili kijana anafanya na mzee anakagua. Tarehe ya mwisho iwe imeandikwa tangu mwanzo. Mzee akiona kwamba akimaliza kufundisha ndipo anaondolewa, atafundisha kwa kijiko cha chai, na nani angemlaumu? Kufundisha kuwe jukumu ndani ya mkataba wake, lenye malipo.

Nawe kijana, usimnunie mzee. Mikataba hasaini peke yake. Nenda kwa mkuu wako, uliza kwa maandishi nafasi ile itafunguka lini, na omba kuikaimu siku mbili ambazo mzee hayupo, ukaimu huo uingie kwenye faili lako. Ukijibiwa “subiri kidogo” bila tarehe, omba uhamisho wa idara au anza kutuma maombi kwingine mwezi huohuo.